Mkono unaogusa ardhi

Mwanangu Neema,

Umeniuliza inakuwaje sanamu mbili za Kinepali, zote zimetiwa dhahabu, zote mkono wa kulia umeshuka hadi ardhini, moja iitwe Shakyamuni, yule Buddha wa kihistoria, na nyingine Akshobhya. Usoni hutapata jibu. Kinundu cha utosini, kitone kati ya nyusi, ndewe zilizorefuka kwa vipuli vizito vya enzi za umwanamfalme: hizo ni alama za Buddha yeyote.

Ishara hiyo ya mkono asili yake ni Bodh Gaya, India, mahali Shakyamuni alipopata kuwa Buddha. Pepo mshawishi aitwaye Mara alimtaka Shakyamuni alete shahidi, naye Shakyamuni akaigusa ardhi imshuhudie. Lakini Akshobhya, Buddha wa upande wa mashariki, naye ana ishara hiyohiyo. Kwa hiyo tazama mkono wa kushoto, uliolala mapajani. Ukiwa na bakuli la kupokelea chakula, huyo kwa kawaida ni Shakyamuni. Ukiwa na vajra, kile kirungu kifupi chenye makucha ncha zote mbili, ni Akshobhya.

Vajra ikiwekwa kitini mbele ya miguu, usiamue haraka. Hata Shakyamuni huwekewa, kwa kuwa mahali alipokaa Bodh Gaya huitwa Vajrasana, kiti cha vajra. Hapo angalia wanyama wanaobeba kiti: ndovu ni wa Akshobhya, simba mara nyingi wa Shakyamuni. Taji nalo lisikudanganye. Shakyamuni wa enzi za wafalme wa Pala, mashariki mwa India, pengine huvishwa taji na mikufu.

Makosa mengi huanzia kwenye kitu kilichodondoka. Vajra ikiwa imesubiwa peke yake kisha ikapachikwa, ikipotea utabaki mkono mtupu, na Akshobhya atapewa jina la mwenzake. Tafuta tundu au kisiki kiganjani.

Kuhusu dhahabu: mafundi Wanewari wa Patan, mji wa Nepali, hupenda shaba nyekundu karibu tupu, kwa sababu risasi iliyochanganywa kwenye madini huacha madoa. Dhahabu huchanganywa na zebaki mpaka iwe laini kama siagi, hupakwa, kisha sanamu hupashwa moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Ikitoka, dhahabu hubaki imeshika. Mvuke wake ni sumu, ndiyo maana kazi hiyo si ya kufanyia chumbani. Mwisho husuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae.

Ukiona mwili unang'aa lakini uso umefifia na nywele ni za buluu, usiseme imeharibiwa. Huko Tibet uso hupakwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, bila moto, na waumini huurudia kama ibada. Kitambaa chenye maji kinatosha kuuondoa, na hapo wasafishaji wasiojua wamefuta mengi.

Ukirudi kwenye sanamu hizo, nipigie picha ya mapaja na ya kiti. Uso uache.

Baba yako