Barua kwa mwanangu kuhusu makumbusho ya reli ya wale wazee

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, kisha nikaiweka kando kwa wiki tatu nzima bila kuijibu. Usidhani nilikupuuza. Uliniandikia kwamba mliwapeleka watoto kwenye makumbusho madogo ya reli yanayoendeshwa na mzee mmoja, mkewe na binti yao, na kwamba mlipokuwa mkiaga yule mama aliwaambia huenda msiyakute tena mkirudi, kwa sababu nguvu zimewaishia, paa linavuja na hawaoni wa kumkabidhi. Tangu siku hiyo, unasema, unajiuliza kama kuna maana ya kurudi, au kama ni sawa na kwenda kumtazama mgonjwa ilhali huna dawa ya kumpa. Ukamalizia kwa kuniuliza: "Mama, wewe uliyekaa kwenye dirisha la tikiti miaka 26, ungefanya nini?"

Sikutaka kulijibu swali hilo nikiwa nimekaa kitini, hivyo nilikwenda mwenyewe Jumanne iliyopita, siku isiyo na wageni.

Binti ndiye aliyenifungulia lango. Nililipa, naye akachomoa tikiti ya kadi kutoka kwenye kabati la mbao, akaiingiza kwenye mashine ya kupigia tarehe, upande mmoja kisha upande wa pili, na mlio ule wa mara mbili ukanirudisha ujanani pale pale niliposimama. Kwa watoto wako ile ni kadi ndogo tu. Mimi ninaijua kuwa ni mtambo wa hesabu. Tikiti za aina hiyo, zenye upana wa milimita 57 hivi na kimo cha 31, zilibuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson katika miaka ya 1830, wakati makarani wengi walikuwa bado wanaandika kila tikiti kwa mkono, na mwenye tamaa aliweza kuuza nyingine asiiandike popote. Edmondson alizipa namba zinazofuatana na kuzipanga katika mirija ya mbao, ili inayochomolewa chini iwe daima yenye namba ndogo kuliko zote. Jioni karani hana haja ya kukumbuka amemuuzia nani: anasoma namba iliyobaki chini ya kila mrija, anatoa namba ya asubuhi, anazidisha kwa nauli, na fedha zilizo kwenye droo ama zinalingana ama hazilingani.

Zangu siku moja hazikulingana. Tikiti ya mtoto ilipatikana kwa kukata kipande cha tikiti ya mtu mzima kwa mkasi, na kile kipande ndicho kilichokuwa ushahidi wako kwamba ulipokea nusu nauli. Kipande changu kimoja kilipeperushwa na upepo wa dirishani, na nusu ile ikakatwa kwenye mshahara wangu. Yule binti anavihifadhi vipande vyake kwenye kopo lenye mfuniko, nami nilipoliona kopo hilo nilijua kwamba amefundishwa na mtu aliyewahi kupoteza kimoja. Jambo hilo halijaandikwa popote pale ndani. Kwenye kabati kuna kibao kinachosema "Kabati la tikiti", basi.

Lishike hilo kopo, kwa maana jibu langu lote linaanzia hapo.

Mzee alinipeleka kwenye kichwa cha treni, kile walichokipanda watoto. Kimesimama bila moto kwa miaka mingi, na sidhani kama kitawashwa tena mikononi mwa familia hiyo, kwa sababu boila ya mvuke, lile pipa la chuma linalochemshia maji, haiwashwi kwa mapenzi ya mwenyewe. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria inataka kwamba boila ikishafanya kazi siku 1,472, au ikishatimiza miaka 15 hata kama siku hizo hazijafika, ifumuliwe na kukaguliwa ndani na nje. Nchi nyingine zina vipindi vyake, ila kazi ni ile ile: mirija hutolewa, kutu hupimwa, bati lililoliwa hubadilishwa. Zaidi ya hayo, maboila mengi ya zamani yalivikwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, ili yasipoteze joto, na kuiondoa kunahitaji wataalamu wenye mavazi ya kujikinga. Familia ya watu watatu haiwezi mzigo huo, na hakuna wa kuilaumu.

Lakini msikilize mzee akieleza. Alinionyesha injekta, kile kifaa kilichobuniwa na Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, akaniuliza kwa furaha ya mtu aliyeuliza swali hilo mara elfu: mvuke wa boila utawezaje kusukuma maji kuyaingiza katika boila ile ile, yenye msukumo ule ule? Nilikaa kimya, ingawa nimeishi na watu wa reli maisha yangu yote. Akaeleza kwamba mvuke ukipitishwa kwenye tundu jembamba hupata kasi kubwa mno, kisha hukutana na maji baridi na kugeuka maji palepale, lakini kasi yake huyarithisha maji yale. Nayo yakifika mahali bomba linapopanuka hupunguza mwendo, na kasi yaliyoipoteza hugeuka kuwa msukumo unaozidi ule wa ndani ya boila, hivyo valvu hufunguka na maji yakaingia. Chombo kizima hakina pistoni wala gurudumu. Unafungua maji kwanza, mvuke baadaye. "Ila hii," akasema, akaigonga kwa ufundo wa kidole mahali ambapo rangi imekwisha, "hii ilitaka ugonge hapa, mara mbili, ndipo ishike." Tundu la ndani limelika, na kila dereva aliyeiendesha alijua pa kugonga. Leo katika dunia nzima anajua yeye peke yake, pamoja nami, na sasa wewe.

Ndiyo maana nasema, mwanangu, kwamba ulipoogopa kuwa chuma kitapotea uliogopa kitu cha pili. Chuma ni kigumu kufa. Huko Barry, kusini mwa Wales, familia moja ya wafanyabiashara wa vyuma chakavu ilinunua vichwa vya treni za mvuke 297 ili ivikate, ikaanza na mabehewa ya mizigo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa rahisi, na vichwa vikabaki vimepangwa kwenye upepo wa bahari kwa miaka. Wapenzi wa reli wakaja mmoja baada ya mwingine, na hatimaye 213 kati ya vile viliokolewa kutoka humo humo kwenye kaburi lao. Chuma kilisubiri. Kinachojua pa kugonga hakisubiri, na mzee huyu, kwa jinsi nilivyomwona akipanda ngazi, anapumzika kila baada ya vidato viwili.

Kuhusu kuokolewa kwa makumbusho yenyewe sitakupa matumaini nisiyokuwa nayo. Najua utaniambia habari za Talyllyn, ile reli nyembamba ya Wales ambayo mwenyewe aliahidi kuiendesha maadamu yu hai, akafariki mwaka 1950, na watu wa kujitolea wakaichukua na kuendesha treni zao za kwanza tarehe 14 Mei 1951, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Ni kweli, na inaendelea hadi leo. Lakini wale walikuwa na njia ya reli inayobeba abiria wanaolipa nauli, na walikutana kabla mali haijatawanyika. Hawa wazee wana banda, kipande cha reli kisichofika popote, na vitu. Inawezekana akatokea mtu; pia inawezekana asitokee, na mimi ningeanza kwa kudhani hatatokea.

Maana makumbusho yanaweza kufungwa vizuri au kufungwa vibaya, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya kufungwa na kutofungwa. Nilipomuuliza yule mama kuhusu taa ya ishara iliyo dirishani, ile yenye kioo cha kijani kilichopasuka, alisema iliachwa na rafiki wa mumewe aliyesema "nitaipitia." Rafiki huyo amekwishafariki. Taa ni ya nani? Ya watoto wake, labda, ambao hawajui kwamba ipo. Humo ndani nilihesabu vitu kumi na viwili vya namna hiyo kabla sijachoka kuuliza: vilivyoazimwa kwa mdomo, vilivyoletwa usiku karakana ya reli ilipofungwa, vilivyonunuliwa kwa fedha taslimu bila hata kipande cha karatasi. Siku mzee atakapofariki warithi wataingia humo wakiwa na huzuni na haraka, na mnunuzi wa chuma chakavu atakuwa mtu wa kwanza kujibu simu. Shaba nyekundu ya tanuri itaondoka kwanza, kisha shaba ya njano. Makumbusho mengine yangependa kuchukua kitu, lakini hayawezi kupokea kisichojulikana mwenyewe ni nani. Wala kichwa cha treni hakiendi popote kirahisi, kwa kuwa kinataka winchi na lori la kubebea mizigo mizito, na huko kiendako reli iwe ya upana wake, kwani magurudumu yaliyotengenezwa kwa reli ya milimita 1,000 hayakai juu ya reli ya milimita 1,435.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho, lililoanzishwa mwaka 1946, lina kanuni za maadili zinazoelekeza kwamba kitu kinachoondolewa kitolewe kwanza kwa makumbusho mengine, na kwamba fedha ikipatikana itumike kwa manufaa ya mkusanyo. Familia hii haifungwi na kanuni hizo, kwa kuwa makumbusho ni yao binafsi. Lakini nilipomsomea binti sehemu hiyo, alisema maneno ambayo yalinionyesha kwamba wangependa kuzifuata, ila hawajui pa kuanzia.

Basi swali lako, ningefanya nini. Ningerudi, na ningerudi na daftari. Wewe una simu yenye kurekodi sauti na picha. Msimamishe mzee mbele ya kila kitu, umwache aseme bila kumkatiza, umpige picha mikono yake ikifanya kile inachokieleza, na mwishoni umuulize maswali manne tu: hiki ni nini, kilitoka wapi, kilifikaje hapa, na ni cha nani. La mwisho ndilo gumu, na ndilo la kuulizwa kwa upole, akiwa amekaa na mkewe yupo, kwa sababu kumbukumbu za wale wawili hukamilishana na mara nyingine hupingana. Kwenye ile taa, mzee alisema aliyeiacha alikuwa dereva, na mkewe akasema hapana, mshika bendera.

Kuna mambo ambayo nisingeyafanya. Nisingewauliza kama watafunga, kwa kuwa wanajiuliza kila usiku. Nisingeanzisha harambee wala kusambaza habari zao bila idhini yao; watu wema wamewahi kuwaletea waandishi wa habari, na kilichofuata, kwa maelezo ya binti, ni wezi waliokuja kung'oa vibao vya shaba vya namba. Wala nisingeomba ukumbusho wa kupeleka nyumbani, hata kitu kidogo, hata wakikupa. Baba yako angesema hapa kwamba ninawafundisha watu wazima adabu, na angekuwa na haki, ila nakumbuka jinsi mjukuu wangu wa pili alivyoipenda ile filimbi.

Uliuliza pia kama si kuwadanganya watoto, kuwapeleka mahali ambapo keshokutwa patakuwa hapapo. Sioni udanganyifu wowote. Waambie kwamba wale wazee wamechoka na kwamba kazi ya kuandika imebaki. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kazi iliyobaki kuliko anavyoelewa huzuni.

Nimekwisha kupatana na yule binti kuhusu Jumamosi. Mimi nitaanza na kabati la tikiti, kwa kuwa ndilo ninaloliweza bila kuelekezwa: vituo vilivyochapwa kwenye zile kadi vingine havipo tena, na nataka kuviorodhesha mrija kwa mrija. Wewe shika vitu vingine vya bandani pamoja na mzee. Mjukuu wangu mkubwa ana mwandiko unaosomeka, naye ataandika vibandiko vya kufungia kwa uzi, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino, kwa sababu banda linavuja.

Jumanne, kabla sijaondoka, nilimwomba binti anionyeshe daftari la mauzo. Namba ya kufungulia ilikuwa 4418 na nilipotoka ilikuwa 4419. Jumamosi kwa kawaida huuza saba au nane. Njooni kabla ya saa nne asubuhi, kwani baada ya hapo mzee huwa amekwisha kupanda kwenye kichwa cha treni, na akiwa humo hasikii kengele ya langoni.

Ni mimi mama yako,
nikupendaye.