Pointi Nane Si Lazima Ziwe Nane

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, EGM: Uchumi B, Jiografia C, Hisabati E. Nina pointi nane na ninataka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tu. Niko salama? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Marahaba. Inategemea kozi. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni kufaulu masomo mawili kwa A hadi E, jumla pointi 4, na zinahesabiwa kwenye masomo mawili yanayoibeba kozi, si yote matatu. Kozi ikidai Hisabati na Jiografia, una 1 na 3: nne tu, umegusa mstari. Ikidai Uchumi na Jiografia, una saba. Cheti ni kilekile! Na kutimiza kigezo ni ruhusa ya kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, wanachukuliwa wenye alama za juu.

Kwa hiyo fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, cha wahitimu wa kidato cha sita (wa stashahada wana chao). Soma sifa za kozi, hasa sharti la Hisabati, kisha idadi ya nafasi. Tafadhali usijifungie chuo kimoja. Uchumi unafundishwa pia Dodoma na Mzumbe. Uchumi wa kilimo uko Sokoine, Morogoro. Maombi unatuma kwa kila chuo moja kwa moja.

Weka namba yako ya simu, si ya mwenye steshenari. Ukichaguliwa vyuo viwili, utathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe mfupi. Wanaoikosa hadi muda ukapita hupoteza nafasi waliyokwisha kuipata, na inauma sana. Kama utaomba mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema.

SWALI: Shahada yangu ina GPA ya 2.6. Naweza kusoma uzamili chuo cha umma? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Moja kwa moja ni vigumu, maana vyuo vingi huanzia 2.7. Njia inayofahamika ni stashahada ya uzamili, kwa kawaida mwaka mmoja, katika fani hiyohiyo. Kabla ya kulipa ada, iulize idara kwa maandishi kama itaipokea na kwa GPA ipi.