Kwa mnaoingia kwaya ya Mkunazini msimu huu wa Krismasi

Kila mwaka Oktoba ikielekea ukingoni, kwaya hupata sura mpya: wanafunzi, wafanyakazi waliohamishiwa Unguja kutoka Bara, watoto wa waimbaji wa zamani. Karibuni sana. Wengi wenu mna sauti nzuri na nyimbo za Krismasi mmezijua tangu utotoni, na hapo ndipo pana kazi. Wimbo ulioimba miaka yote kwenye kanisa la mtaani kwenu, ukiuingiza ndani ya Kanisa Kuu la Kristo unakuwa wimbo mwengine. Mtaambiwa mengi kuhusu sauti. Mimi nataka kusema habari ya maneno, kwa sababu waumini wakitoka bila kujua tumeimba nini, basi tumepiga kelele za kupendeza tu.

Kwanza mjue mnaimba wapi. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza nayo ilikuwa Krismasi, 1877, ujenzi ukiwa haujamalizika. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi ule, ndiye aliyetumia miaka yake ya hapa kufasiri Maandiko kwa Kiswahili na kuandika sarufi yake, na amezikwa nyuma ya altare. Altare yenyewe inasimuliwa kuwa ipo pale ulipokuwa mti wa kufungia watu na kuwachapa. Mimi siwezi kuimba habari ya mtoto aliyekosa nafasi kwenye nyumba ya wageni, nikiwa mbele ya mahali pale, huku nimeyameza maneno.

Sasa jengo. Paa limepinda kutoka ukuta hadi ukuta, ni zege la saruji na mawe ya matumbawe, na liko juu sana. Sauti inapanda, inazunguka, inashuka imechelewa. Irabu zinaongezeka utamu, konsonanti zinapotea. Kwa hiyo msifuate mnachokisikia kikirudi, maana hicho ni cha nyuma. Fuateni mkono wa mwalimu. Mstari ukiisha, kateni pamoja, kisha uacheni mwangwi ushuke kabla ya kuanza ubeti mwengine. Wageni huona kimya kile ni kirefu mno wakakijaza. Kiacheni.

Neno linaloumia kuliko yote ni lile la Krismasi yenyewe: mtoto. Lina silabi tatu, na ile ya kwanza ni m peke yake, mara nyingi ikiwa na nota yake. Mtu asiyefundishwa hufanya moja kati ya mawili: ama anairuka, watu wakasikia "toto", ama anaitilia irabu ikawa "mutoto". Fanya hivi: fumba midomo, ivumishe m kwenye nota yake mpaka usikie mtetemo mdomoni, ndipo ufungue kwa "to". Weka kidole kwenye mdomo wa juu, utausikia. Mfanye vivyo hivyo kwa "mchunga" na "mfalme". Kwaya nzima ikivumisha m ile kwa pamoja, hata aliyekaa viti vya mwisho anaipata.

Halafu mkazo. Tuni nyingi hizi zilitungwa kwa lugha ambazo mstari huweza kumalizika kwa silabi nzito. Kiswahili mkazo wake ni silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake pigo zito linaangukia "wa" ya "amezaliwa", na waimbaji wanaipiga kweli: amezaliWA! Msifanye. Egemeeni kwenye "li", kisha "wa" muiweke chini kwa upole hata kama nota yake ni ndefu. Adeste Fideles, wimbo wa Krismasi wa Kilatini, ina raha yake kwetu kwa sababu Kilatini chake kinaegemea mahali tunapoegemea sisi: a-DES-te, fi-DE-les, a-do-RE-mus. Anzeni mazoezi na tuni ile, sikio lizoee, ndipo muende kwenye zile ngumu.

Ibada ya masomo tisa na nyimbo ilianzia Truro, Uingereza, mkesha wa Krismasi wa 1880, chini ya Askofu Edward White Benson. Chuo cha King's pale Cambridge wakaichukua 1918, vita vikiwa vimekwisha, na tangu 1919 huifungua kwa mtoto mmoja anayeimba peke yake, bila kinanda, ubeti wa kwanza wa wimbo wa Once in Royal David's City. Kwa ubeti kama ule, wakuu wa watoto, andaeni watoto zaidi ya mmoja, maana homa haichagui siku. Na hatari ya ubeti ule si woga, ni kushuka sauti: kinanda kikiingia baadaye, kila mtu atajua. Mtoto asiimbe kwa nguvu. Apewe do vizuri, aisikilize, avute pumzi, aanze.

Zile sauti za juu za ubeti wa mwisho, kama alizotunga David Willcocks, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya King's, zikachapishwa 1961, zinawavutia sana sauti ya kwanza. Ni nzuri mno. Ila kundi dogo tu liziimbe, waliobaki wote washike wimbo wenyewe, la sivyo waumini wanapotea njia.

Joto la Desemba mnalijua: kaskazi limeanza, hewa nzito, majoho juu yake. Mwili ukichoka sauti inashuka, na wanaotangulia kushuka ni sauti ya pili. Kunyweni maji tangu mchana, si dakika tano kabla ya kuingia. Adhana ya Isha ikitukuta tumesimama tayari, tunasubiri iishe ndipo tunaanza. Majirani zetu ni hao, na do haipatikani huku sauti nyengine iko hewani.

Mazoezi ya kwanza njooni na penseli. Karatasi ya solfa utakayopewa, kabla hujaimba hata nota moja, soma maneno yote kwa sauti ya kawaida kama unamwambia mtu, na kila silabi unayoiegemea ipigie mstari chini. Mwalimu atazikagua.