Nataka kusomea Japani, baba anauliza nitakula nini

SWALI: Dada habari za kazi. Nimemaliza form six mwaka huu hapa Morogoro, kombi yangu HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Toka nipo O-level naipenda sana Japani, naangalia anime, maneno kadhaa nimejifundisha kwenye simu, nataka nikasomee utamaduni na jamii yao chuo kikuu hukohuko. Baba anasema utamaduni wa watu nikishausoma nitakula nini, na marafiki wanasema huko wanafundisha Kijapani tupu sitatoboa. Nifanyeje?

JIBU: Salama mdogo wangu. Kuanzia kwenye anime hakuna ubaya wowote, wengi niliosoma nao huko walianzia hapohapo. Ila usitegemee miaka minne ya kufundishwa kimono na kunywa chai. Utasoma Meiji, yaani mageuzi yaliyoanza 1868 nchi ya samurai ikajikuta na reli na shule za serikali, utasoma Minamata ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini wavuvi na familia zao wakaugua, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956 na kesi zikavutana miaka na miaka, utasoma Okinawa iliyokaa chini ya Marekani mpaka 1972, na Waainu wa Hokkaido ambao sheria ya kuwatambua kama wenyeji wa asili imepita 2019 tu. Alafu wazee. Karibu watu 3 katika kila 10 wana miaka 65 na kuendelea, kuna vijiji shule imefungwa kwa kukosa watoto. Hiyo ndo Japani utakayokutana nayo darasani, na mimi naona inavutia kuliko ile ya kwenye simu.

Chukua kitu kidogo tu, takataka. Ukipanga chumba unapewa kalenda ya mtaa, siku hii taka za kuchomwa, siku ile plastiki, siku nyingine makopo na chupa. Chupa ya maji unatoa kifuniko, unabandua lebo, unaisuuza, unaikanyaga ibonyee ndo unaitupa. Mifuko inafunikwa na wavu kunguru wasiichane, na majirani wana zamu ya kufagia pale. Ukichanganya, mfuko wako unaachwa na stika juu yake mtaa mzima unaona. Mtalii atasema Wajapani wasafi sana, basi, kamaliza. Wewe uliyesoma utauliza zamu kapanga nani, utakuta kuna chama cha mtaa kinaitwa chonaikai, utachimba utakuta wakati wa vita kuu ya pili serikali ilikitumia kugawa chakula cha mgao na kuwachunga watu, na leo sehemu nyingi wanaokibeba ni wazee kwa sababu vijana hawatokei mikutanoni. Umeona taka zimekufikisha wapi?

Kazi kubwa inafanyika kwenye zemi, mwaka wa tatu na wa nne, profesa mmoja na wanafunzi kama kumi hivi, kila wiki mmoja anawasilisha wengine lazima waulize. Kuna muda watu wanakaa kimya mpaka unaogopa, tulia, wanafikiria.

Kuhusu lugha marafiki zako wamekosea kidogo. Kuna digrii za Kiingereza, Waseda na Sophia zipo Tokyo, na Ritsumeikan Asia Pacific iko Beppu. Ila ukiniuliza mimi, anayesomea jamii ya watu bila kusoma magazeti yao atabaki kusimuliwa. Jifunze Kijapani. Matamshi hayatakusumbua, irabu zao tano ndo zetu hizihizi. Kwenye kusoma ndo kuna kazi, herufi za silabi zinazoitwa kana, hiragana 46 na katakana 46, kisha kanji, herufi zilizotoka China, za matumizi ya kawaida 2,136. Anza na kana wiki hii usisubiri matokeo. Vyuo vinavyofundisha kwa Kijapani vingi vinataka N2 au N1, ngazi mbili za juu za JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, na hapo hufiki kwa mwezi.

Ada ndo inaua ndoto za wengi, kwahiyo fuatilia ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, unaombewa kupitia ubalozi wao Dar. Wa shahada ya kwanza ni miaka mitano, mwaka wa kwanza lugha, ada na tiketi wanalipa na posho ya kujikimu unapata. Sasa sikia, upande wa sanaa na jamii usaili wake una mtihani wa Kijapani, Kiingereza na HESABU, na nyie HGL mliiaga hesabu form four. Rudi kwenye hesabu mdogo wangu, hapo ndo watu wa arts wanaangukia.

Baba naye usimdharau, swali lake ni la haki. Kaa nae umwambie unachanganya na kitu gani, uchumi, sera za umma, afya ya wazee. Huko makampuni yanaajiri wahitimu wapya kwa mkupuo kila Aprili, na mwanafunzi anaanza kutafuta kazi akiwa mwaka wa tatu. Anayejua lugha na jamii na fani nyingine juu yake, hapo baba ataanza kukusikiliza.

SWALI: Nina digrii ya sosholojia, niko Mombasa, nataka masters Japani. Nitaanzia wapi?

JIBU: Anzia kwa profesa ndugu yangu, chuo baadae. Tafuta aliyeandika juu ya kitu chako, umuandikie barua fupi na mpango wa utafiti. Usiandike eti "utamaduni wa Kijapani", hakuna atakayekujibu. Wewe ni mtu wa pwani, andika mathalan vyama vya ushirika vya wavuvi vya Japani vinavyoshika haki ya kuvua kwenye maji ya ufukweni, uvilinganishe na BMU za huko kwenu, vile vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi. Na huendi ugenini kabisa, Osaka University wana digrii ya Kiswahili na Kyoto wana kituo cha masomo ya Afrika, wanaosoma pwani yetu wapo. Kwenye MEXT omba ile ya watafiti, sio ya shahada ya kwanza.