Mpeni Mama Mtu wa Kumwambia

Kijana anapoanza kuvutwa na makundi ya itikadi kali, wa kwanza kuhisi ni mama yake. Chifu hajui, polisi hawajui, hata imamu anayeswali naye kila siku huenda asijue. Mama ndiye anayeona chakula cha usiku kimelala bila kuguswa, nguo zimepungua chumbani, simu inapokelewa uani kwa sauti ya chini. Nimekaa miaka mingi na familia za Majengo na Kisauni, mitaa ya Mombasa, zenye mzigo huu, na ushauri wangu kwa kila mtaa ni kwamba mama huyo awe na mtu wa kumwambia, na amjue mapema, kabla balaa halijafika mlangoni.

Kwa nini hasemi? Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Aliyekuwa Mombasa miaka ile hahitaji kukumbushwa. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kuiunga mkono al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, alipigwa risasi akafa garini akiwa na familia yake, mji ukawaka. Oktoba 2013 akauawa pia Sheikh Ibrahim Ismail. Februari 2014 polisi wakaingia Masjid Musa, msikiti wa Majengo, vijana wakabebwa kwa makumi. Aprili mwaka huohuo akauawa Abubakar Shariff, tuliyemjua kwa jina la Makaburi, karibu na mahakama ya Shanzu. Halafu Juni, Likoni, akauawa kwa risasi Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, mzee aliyekuwa akiipinga misimamo mikali hadharani. Mama aliyeyashuhudia yote hayo akatia akilini hesabu moja: nikisema, mwanangu atachukuliwa asirudi, nikinyamaza, atavuka kwenda Somalia asirudi. Wengi walinyamaza.

Serikali nayo ililiona hilo. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148 walipouawa, ikatangaza msamaha kwa vijana watakaorudi na kujisalimisha. Mwaka 2016 ukaja mkakati wa kitaifa, kisha kaunti za Pwani zikaandika mipango yake, Mombasa ikiwemo. Ni hatua nzuri. Lakini karatasi haibishi hodi nyumbani kwa mtu usiku.

Anayebisha hodi ni jirani. Kwa hiyo tafuteni watu watatu mtaani: mama mtu mzima anayeheshimiwa, ustadh mwenye elimu na ulimi mpole, na kijana wa maskani ambaye wenzake wanamsikiliza. Wasiwe na ofisi wala fulana. Na tafadhali, wasipigwe picha na familia hizo. Nimeona shirika moja likimleta mama kwenye semina ya hoteli, akapewa posho, kisa chake kikasimuliwa mbele ya ukumbi mzima kama mfano. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsogelea, na yeye hakumwambia mtu tena neno.

Dalili nazo mziangalie vizuri. Ndevu na suruali iliyopanda juu ya kifundo si dalili ya chochote; mkianza na hayo mtamuudhi kijana mcha Mungu na mtamkosa yule mwenye hatari. Mimi huangalia anayefanya kama mtu anayeaga: anayelipa ghafla vijideni vya dukani, anayezunguka kuomba radhi, anayegawa viatu vyake vya mpira, anayesema amepata kazi nje lakini mwajiri hana jina. Wala msidhani ni wavulana peke yao. Septemba 2016, waliovamia kituo kikuu cha polisi hapa mjini walikuwa wanawake watatu.

Kuna nyumba moja tuliitwa baada ya Isha. Mama anauza mahamri, kijana wake amepata hiyo "kazi nje". Ustadh alikuwa amejiandaa na aya zake, lakini bi mkubwa tuliyekwenda naye akamwashiria asubiri. Akaketi mkekani, akamuuliza kijana habari za kazi, mshahara, mahali pa kulala. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu anayekupeleka, ni mtoto wa nani?"

Kijana akataja jina ambalo mtu huyo hulitumia kwenye simu.

"Hilo nimelisikia. Babake nani? Kwao wapi? Ukifa, mamako aende akamlilie nani?"

Hakuwa na jibu. Hapa Pwani hatuozeshi binti wala hatuuzi shamba bila kujua mtu ni mtoto wa nani, na yeye alikuwa anatoa roho yake kwa sauti ya simuni. Hakukata shauri usiku ule. Alinyamaza tu, akamsindikiza bi mkubwa hadi njia kuu. Baadaye alimpa mamake ile laini ya simu aliyokuwa akipigiwa. Aya za ustadh zilikuja kufaa sana, ila zilifaa baada ya mlango kufunguliwa. Msianze na mjadala wa jihadi. Huko wanaomvuta wameshamfunza majibu.

Kuna mahali ambapo ujirani unakoma. Mkisikia mpango wa kudhuru watu, msiite kikao. Toeni taarifa saa hiyohiyo. Na kijana akiwa ameshatoweka, mama asiende kituoni peke yake. Aende na wakili au watu wa haki za binadamu. Haki Africa na MUHURI wamesimama na familia nyingi za namna hii. Adai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, aiandike, na nakala ikae kwa mtu mwingine.

Anayerudi ndiye anayetusumbua zaidi, maana mtaa humtazama kwa jicho la pembeni na magenge ya Kisauni humtazama kama mkono usio na kazi. Kurudi kwake kupitie kwa wakili na kwa njia ya serikali, asifichwe kwa mjomba. Baada ya hapo anahitaji kitambulisho, anahitaji cheti cha tabia njema, na bila hivyo hata kazi ya ulinzi hapati. Foleni hizo huvunja moyo, na akirudishwa mara mbili hatakwenda tena. Mmoja wenu aamke alfajiri, aende naye, asimame naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe.