Noah ya mkopo huwezi kuitoa sadaka, tazama kwanza kadi ya gari ina jina la nani

Mkuu uliyeuliza, umesema una gari aina ya Noah ya mkopo, marejesho yamekwama miezi mitatu, kampuni wameshapiga simu kwamba wanakuja kuichukua, na wazo lako ni kuiwahi uipeleke kituo cha yatima huko Pongwe iwe sadaka na deni liishe, kuliko iende kwa madalali. Nia yako nzuri sana na Mungu akulipe kwa hiyo nia, ila hilo jambo haliwezekani, na ukililazimisha watakaoumia mwanzo ni wale watoto.

Mimi nipo kwenye kamati ya madrasa yenye watoto wa bweni hapa Tanga mjini, upande wa Makorora, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa upande wa kupokea. Tuliletewa gari na muumini mmoja, mtu mwema kabisa, akatukabidhi funguo mbele ya wazee tukasoma dua. Kadi alitupa kopi, akasema original ipo sehemu ataileta. Tukaishughulikia ile gari, tairi, shokapu, betri, tukaweka na viti vizuri maana ilikuwa ya kupeleka watoto hospitali ya Bombo wakiumwa na kubebea vyakula kutoka sokoni. Haikupita muda wakaja vijana na bredauni, lile gari la kuvuta magari, wana barua ya kampuni ya mkopo na mkataba wenye sahihi ya yule yule mzee wetu, mwenyekiti wa mtaa akaitwa, polisi akaja, wote wakasoma na wote wakasema hawa wana haki yao. Gari ikavutwa watoto wanaangalia. Hela tuliyotia kwenye matengenezo haikurudi hata senti, na ile hela ilikuwa ya michango ya watu, mama wauza maandazi wametoa mia tano mia tano. Na mzee wa watu deni lake halikupungua hata kidogo, akaanza kutukwepa hata msikitini akawa hasali safu za mbele, na hilo ndilo lililoniuma mimi kuliko gari yenyewe.

Sasa kwanini iko hivyo. Gari ya mkopo ni dhamana. Kadi original anakaa nayo mkopeshaji, na mara nyingi kwenye kadi kunakuwa na jina lake pamoja na lako, kwa hiyo bila yeye kuachia, TRA (Mamlaka ya Mapato) hawawezi kuhamisha umiliki kwenda popote. Wengi pia wameshafunga GPS, wengine wana mpaka uwezo wa kuizima gari kwa mbali, kwa hiyo hata ukiificha kwenye mashamba ya mkonge inaonekana tu. Kampuni ikienda kulalamika polisi utajikuta unaelezea kwanini umegawa dhamana ya watu, hapo jambo lililokuwa la madai tu linaanza kuchukua sura nyingine. Na hata kwa dini yetu, ulizia kwa ustadhi yeyote wa hapa Ngamiani, kitu unachotoa sadaka au wakfu lazima kiwe milki yako, na deni ni wajibu wakati sadaka ni sunna, wajibu unatangulia.

Halafu watu wengi wanadhani gari ikishachukuliwa ndio basi mmemalizana. Hapana. Gari inakaa yadi na yadi ina gharama, dalali ana chake, bredauni ina chake, kisha inauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na hivyo vyote vinakatwa humo humo kwanza. Kikipungua unadaiwa wewe na mdhamini wako. Ikizidi, ile ziada ni yako na una haki ya kuidai kwa maandishi, ila wachache sana wanafuatilia kwa sababu wameshakata tamaa na aibu imewashika.

Kwa hiyo cha kufanya kabla bredauni haijaja, nenda ofisini kwao mwenyewe, usijibizane na wale wa kwenye simu. Omba barua ya salio la deni inayoonyesha mtaji umebaki kiasi gani, riba kiasi gani na faini kiasi gani, vitenganishwe. Hizi taasisi ndogo za mikopo zisizopokea amana zipo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, sasa ukikuta wamekuwekea mambo ya kausha damu, yaani riba za kunyonya, una mahali pa kulalamika na ukiwa na hiyo barua mkononi unasikilizwa. Kama kazi bado ipo omba wakupangie upya marejesho. Kama haipo, omba ruhusa ya maandishi uuze mwenyewe. Noah ikiuzwa na mwenyewe hapa mjini ikiwa inatembea bei yake haifanani kabisa na ya mnadani, mnunuzi analipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, kampuni inaachia kadi na barua ya kumaliza deni, kinachobaki ni chako halali. Hapo sasa ndio utoe sadaka. Laki tatu ya halali kwa kile kituo cha Pongwe ni magunia ya unga na maharage na hakuna atakayekuja kuyavuta na mnyororo.

Na kama siku moja utakuwa na gari isiyo na deni ukataka kuitoa, itoe kisheria. Hati ya zawadi kwa wakili, TIN (namba ya mlipa kodi) yako na ya kituo, mnaenda TRA mnahamisha, kuna ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, mkubaliane mapema nani analipa maana vituo vingi hela hiyo hawana. Jina liwe la kituo au bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), lisiwe la katibu wala la ustadhi, hata awe mwaminifu vipi, kwa sababu akifa gari inaingia kwenye mirathi na warithi wake hawana kosa wakiidai. Bima nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kuna aliyekujibu kwamba Marekani watu wanagawa magari wakiona yanawashinda na wanasamehewa kodi. Ni kweli kule kuna taasisi za hisani zinapokea magari hata mabovu, zinakuja kuyavuta zenyewe na mengi wanayauza mnadani wanachukua hela. Ila na kule kadi lazima iwe safi, gari yenye mkopo benki ndio yenye neno la kwanza. Na hiyo nafuu ya kodi tangu 2005 imebanwa, ukidai zaidi ya dola 500 kwa kawaida unahesabiwa bei ambayo taasisi imeuzia, sio bei uliyojikadiria mwenyewe, labda wawe wanaitumia wenyewe kwenye kazi zao. Hapa kwetu Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa mfanyabiashara nafuu ya mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Wewe mwenye mshahara na kagari kamoja hiyo haikuhusu, kwahiyo usiiweke kwenye hesabu zako.

Kituo cha Pongwe kama umeshawaahidi wapigie leo uwaambie ukweli kwamba gari ina deni, wasije wakaanza kuchangisha hela za matengenezo. Jumatatu asubuhi nenda kwa kampuni na mkataba wako na risiti zote za miamala, hata zile za kwenye simu ziprinti. Na kwa sasa usiitoe hiyo Noah nje ya mji, maana wakiona GPS inaelekea Horohoro watajua unavuka nayo mpaka na hapo hakuna atakayekaa na wewe mezani.