Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: namna ya kuupanga muda wako

Kila msimu wa sikukuu ndugu na jamaa huniuliza ndege ya Mwanza huchukua saa ngapi, nami nimezoea kuwauliza kwanza ni ndege ya aina gani na nyumbani kwao ni wapi, kwa kuwa muda ulioandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya safari.

Umbali wa angani kati ya miji hii miwili ni takribani kilomita 850, ilhali barabara inayopitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ina zaidi ya kilomita 1,100. Ndege ya jeti, ambayo ikishatulia angani huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, hufika ndani ya saa moja na nusu, ukijumlisha na ule muda wa kuserereka uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua. Ndege ya pangaboi, kwa mfano Q400 yenye mwendo wa kilomita 650 hivi kwa saa, huhitaji takribani nusu saa zaidi. Kwa maoni yangu nusu saa hiyo si hoja, na kama nauli ya pangaboi ni nafuu, ichukue.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kama ndege inatua njiani. Ukipitia Kilimanjaro, njia hurefuka kwa kilomita zisizofika 100, kiasi kwamba kwenye ramani utaona kama huzunguki kabisa. Hata hivyo, muda huongezeka kwa saa nzima au zaidi, kwa sababu ndege hulazimika kupunguza mwendo, kushuka, kuteremsha abiria, kupakia wengine na kupaa upya. Hapo tiketi ya bei ndogo huweza kukugharimu nusu siku, hasa ukiwa na watoto.

Upande wa Dar es Salaam, adui ni foleni ya Barabara ya Nyerere. Kutoka Posta hadi uwanjani hazizidi kilomita 15, lakini jioni ya siku ya kazi mimi huzitengea saa moja na nusu, na anayetoka Bunju au Kigamboni aongeze. Thibitisha mapema unaondokea jengo lipi, maana Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya safari za kimataifa, haliko karibu na Jengo la Pili kiasi cha kukimbilia na mabegi. Kumbuka pia kwamba saa za tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane: 18:00 ni saa kumi na mbili jioni.

Mwanza, uwanja uko Ilemela, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya jiji, na safari hiyo haichoshi. Anayeendelea Sengerema au Geita amepata nafuu kubwa tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa mwaka 2025, kwani zamani foleni ya kivuko iliweza kumla muda kuliko ndege yenyewe. Wa Ukerewe bado anategemea meli au kivuko, kwa hiyo achague ndege ya alfajiri, au akubali tangu mwanzo kulala mjini na kuvuka siku inayofuata.